Afya ya Nyumba: Irjansi si mlango wa kila ugonjwa



Juma hili tuzungumze juu ya mlango mmoja wa hospitali kuu unaokaa wazi usiku na mchana: chumba cha dharura, kile ambacho hapa kwetu kila mtu anakiita irjansi. Ni wachache kati yetu ambao hawajapita pale, kwa ajili ya mtoto, ya mama mkwe ao ya jirani. Na mwenye kukaa kwenye ubao wa pale usiku mmoja tu anaona mambo mawili yenye kuumiza roho. Anaona watu waliokuja na jambo dogo ambalo lingengoja asubuhi. Anaona pia watu waliochelewa: mtoto amekwisha kulegea mikononi, mama mjamzito amekwisha kupoteza damu nyingi.

Mambo hayo mawili yana shina moja. Nyumbani hatukupatana mapema ni ugonjwa gani wa kukimbia nao na ni upi wa kungoja nao mpaka kituo cha afya kifunguliwe. Basi saa inapofika tunaamua kwa woga, ao kwa maneno ya jirani, ao tunangoja mwenye pesa arudi. Leo tujifunze kuamua kwa ishara.

Nani anakuja irjansi bila dharura?

Tusiwaite wajinga. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu hizo tunazijua kwa kuwa ni za nyumba zetu.

Mama anayeuza soko la Kadutu anatoka nyumbani jua halijaonekana, anarudi giza limeingia. Mtoto ana mafua tangu siku tatu. Mchana kituo cha afya kilikuwa wazi, lakini mama alikuwa kwenye meza yake ya samaki. Usiku ndipo anapata nafasi ya kumtazama mtoto vizuri. Anamgusa, anaona mwili una joto, anaogopa, anaita pikipiki.

Mwingine anaumwa magoti tangu mwaka jana. Bwana amepata pesa leo jioni, na kila mama anajua kwamba pesa ya leo kesho inaweza kuwa imekwisha. Basi anasema: twende leo leo.

Wa tatu hana imani na kituo cha afya cha kartiye. Anasema pale kuna wauguzi tu, wanganga wakubwa wako hospitali kuu. Kwa hiyo hata kikohozi anakipeleka hospitali kuu, na njia rahisi ya kuingia bila kupanga mstari wa asubuhi ni mlango wa usiku.

Wa nne jirani amemwogopesha: "Mtoto wa fulani alianza vilevile, kesho yake tukazika." Neno kama hilo likisemwa usiku, hakuna mama anayeweza kulala.

Na wa tano anataka serumu. Huyu tumpe nafasi yake, maana tuko wengi.

Serumu si chakula wala nguvu

Katika miji yetu serumu imekuwa kama dawa ya uchovu wote. Mtu akilegea, anataka atundikiwe chupa. Asipotundikiwa, anarudi nyumbani akisema hakutunzwa.

Tuangalie ndani ya chupa. Lita moja ya serumu ya glukozi ya 5% ina maji na gramu 50 za sukari. Chupa ya nusu lita ina gramu 25, yaani kama vijiko vidogo sita vya sukari. Serumu ya chumvi, ile ya 0,9%, ina gramu 9 za chumvi katika lita moja, basi. Vitu hivyo vinaokoa uhai wa mtu asiyeweza kunywa, mwenye kipindupindu kikali, ao aliyepoteza damu. Lakini kwa mtu anayeweza kumeza, sahani ya fufu na maharagi inampa nguvu nyingi kuliko chupa nzima, na haimtobwi mkono.

Kutobwa mkono si jambo dogo. Sindano ni mlango katika ngozi, na mlangoni vijidudu vinaweza kupita. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, ao kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, maji mengi ya mshipani yanaweza kumzidishia hatari. Munganga anayekataa kukutundikia serumu usiyoihitaji hajakunyima kitu. Amekulinda.

Jambo dogo linafanya nini ndani ya irjansi?

Watu wengi wanafikiri irjansi inafuata mstari, aliyetangulia anatangulizwa. Sivyo. Pale wanatenganisha wagonjwa kwa ukali wa hali. Mwenye kutokwa damu aliyefika sasa hivi atapita mbele ya mwenye kichwa kinachouma aliyefika saa mbili kabla yake. Kwa hiyo mwenye jambo dogo anangoja usiku kucha, anakasirika, anasema wauguzi wana dharau. Asubuhi anarudi nyumbani amechoka kuliko alivyokuja.

Lakini hata hivyo kila mmoja wetu anachukua kitu. Usiku, wauguzi ni wachache, na munganga wa zamu mara nyingi ni mmoja kwa vyumba vyote: anaitwa kwenye uzazi, anaitwa kwenye watoto, anaitwa kwenye upasuaji. Kila mtu anayeingia ni lazima aulizwe, apimwe joto, aandikwe. Wakienda kwa mtu mmoja dakika kumi, watu sita wanakula saa nzima. Saa hiyo nzima inaweza kuwa ya mtoto mwenye degedege aliyelala mgongoni mwa mama yake kule mwisho wa ubao, mama asiyejua kupaza sauti.

Mashine ya oksijeni nayo haiko moja kwa kila kitanda. Umeme ukikatika, hospitali inahesabu mafuta ya jenereta. Vitu hivyo ni vyetu sote, kama maji ya kisima kimoja.

Pesa ya nyumba inaenda wapi?

Tufanye hesabu kama wamama wa soko. Pikipiki ya usiku inapita bei ya mchana, na mara nyingi ni watu wawili ao watatu wanaosindikiza. Katika hospitali nyingi fishi ya irjansi ina bei ya juu kuliko fishi ya kawaida, na kuliko fishi ya kituo cha afya zaidi. Munganga asiyekujua, anayekuona mara ya kwanza usiku, ataagiza vipimo vingi kwa kuwa hana historia yako. Ukilazwa, mlinzi wa mgonjwa analala chini, hafanyi kazi yake ya siku, na chakula kinatoka nyumbani. Meza ya soko imefungwa.

Wote tumeona pia mgonjwa aliyepona lakini hawezi kutoka, kwa sababu deni halijalipwa. Anakaa pale, na kila siku familia inazunguka kwa ndugu.

Tukumbuke kesi nyekundu ya MUSO zetu. Kesi ya kijani ni ya akiba na mikopo. Kesi nyekundu ni ya kusaidiana katika ugonjwa, uzazi na kilio, na pesa yake hairudi kwa aliyeitoa. Ikitumiwa kwa serumu za uchovu na fishi za usiku zisizo na lazima, siku dada atakapohitaji kupasuliwa ili mtoto atoke, tutafungua sanduku na kukuta sauti tupu. Hapo uchungu utakuwa wa kundi lote.

Kisha kuna jambo ambalo halina bei. Mtoto uliyempeleka na mafua anaweza kuketi karibu na mtoto mwenye surua. Surua inapita katika hewa, na inapita haraka. Kipindupindu hakijatuacha katika miji ya kando ya maziwa yetu, Kivu na Tanganyika. Mpox tumeiona Kivu ya Kusini tangu mwaka 2023. Kumkalisha mtoto mdogo katikati ya wagonjwa bila lazima ni kumpeleka akatafute ugonjwa ambao hakuwa nao.

Ngazi ina vidato

Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519. Kwa mpango, kila zoni inapaswa kuwa na hospitali kuu yake, na chini ya hospitali hiyo kuna vituo vya afya, kila kimoja na sehemu yake. Chini zaidi kuna wahudumu wa avenyu na vijiji, wale tunaowaita rele, jirani zetu wenye kupita nyumba kwa nyumba.

Mpango huo haukuwekwa kwa kutudharau. Kituo cha afya kinaweza kupima malaria, kutunza kuhara, kutunza homa ya mapafu isiyo kali, kusafisha na kushona kidonda, kufuatilia mimba, kuzalisha, kuchanja. Yote hayo karibu na nyumba na kwa pesa kidogo. Mahali pengi kipimo na dawa ya malaria ya kawaida havilipwi. Uliza kwenye kituo chenu kabla ya kutoa pesa. Muuguzi anayekuona kila mara anajua kwamba mtoto wako alikuwa na uzito fulani mwezi uliopita. Hospitali kuu haijui.

Ugonjwa ukipita nguvu ya kituo, muuguzi anaandika karatasi ya transferi. Karatasi hiyo ina thamani: inaeleza alichoona na dawa alizotoa, na munganga wa hospitali anaanza kazi palepale. Mituweli za afya nyingi zinaomba karatasi hiyo kabla ya kulipa hospitali, isipokuwa kwa dharura ya kweli. Na vituo vingi vina muuguzi wa zamu usiku. Nenda ukaulize mchana huu: kituo chetu kinafanya zamu? Ukijua jibu leo, hutabahatisha saa sita usiku.

Ishara za kukimbia nazo bila mjadala

Hapa sasa, mama, kata ukurasa huu ukaubandike ukutani. Ukiona hata ishara moja, usingoje asubuhi, usingoje bwana, usingoje kwanza mtu aje kuomba. Maombi yanaweza kufanyika njiani.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano:
- Hawezi kunywa wala kunyonya.
- Anatapika kila kitu anachokunywa.
- Ana degedege, ao amelipata katika ugonjwa huu. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mpeleke.
- Amelegea, haamki vizuri, haangalii anapoitwa.
- Anapumua haraka sana, ao kifua kinaingia ndani chini ya mbavu anapovuta hewa.
- Anahara na macho yamezama. Ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole.
- Shingo imekaza, ao viganja na midomo imekuwa myeupe sana.

Kupumua haraka kunahesabiwa. Chukua saa ya simu, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Hesabu dakika moja nzima kifua kinavyopanda. Chini ya miezi 2, pumzi 60 ao zaidi ni haraka. Kuanzia miezi 2 mpaka chini ya mwaka 1, ni 50 ao zaidi. Kuanzia mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5, ni 40 ao zaidi. Mtoto anayepumua haraka lakini anacheza na kunyonya, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama kifua kinaingia ndani ao kuna ishara nyingine, ni mbio.

Mtoto wa chini ya miezi 2 ana sheria yake. Joto lolote, ao mwili wa baridi, ao kukataa ziwa, ao ukijani wa manjano kwenye viganja na nyayo, yote ni mbio.

Kwa mama mjamzito ao aliyejifungua:
- Damu yoyote katika mimba, ao damu inayolowesha vitambaa mfululizo baada ya kuzaa.
- Kichwa kikali pamoja na macho kuona ukungu, ao uso na mikono kuvimba.
- Degedege.
- Homa, ao tumbo kuuma sana bila kuachia.
- Maji kuvunjika kabla ya wakati, ao mtoto kuacha kucheza tumboni.
- Uchungu wa kuzaa uliopita saa 12.

Kwa mtu mzima:
- Uso umeanguka upande mmoja, mkono mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki vizuri, na jambo hilo limekuja kwa ghafula.
- Kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, na maumivu yanapanda bega ao taya.
- Kushindwa kupumua, kuzimia, damu isiyosimama.
- Kuhara maji meupe kama ya kuosha mchele, mara nyingi kwa saa chache.
- Kuumwa na nyoka, kunywa sumu, kuungua sehemu kubwa ya mwili ao uso.

Na kuna dharura moja isiyoonekana kwa macho. Mwanamke ao mtoto aliyebakwa ni mgonjwa wa dharura hata kama hana kidonda, hata kama anatembea na kusema. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza kabla ya saa 72 kwisha, na mapema ni bora. Dawa ya kuzuia mimba nayo ina siku zake, isipite siku 5. Usimwoshe, usimhoji, msindikize.

Kuumwa na mbwa pia: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Ugonjwa wa mbwa mwenye wazimu ukishaanza kuonekana ndani ya mtu, karibu hakuna anayepona.

Ya kituo cha afya na ya nyumbani

Hapa tuwe waangalifu. Ugonjwa usio wa irjansi si ugonjwa wa kuachwa. Homa ya mtoto ni mfano mzuri. Mtoto wa miaka 3 mwenye joto, anayekunywa, anayelia kwa nguvu, asiye na ishara hata moja ya zile za juu, si wa kupandishwa pikipiki saa sita usiku. Lakini ni wa kufikishwa kituo cha afya asubuhi, kwa sababu malaria inapaswa kupimwa kabla ya saa 24 kupita tangu homa ianze. Usiku huo mvue nguo nzito, mpe maji ao ziwa mara kwa mara, mpe parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa na muuguzi kulingana na uzito wake, na mwangalie kila saa. Hali ikibadilika, mpango unabadilika.

Kuhara bila ishara za hatari: mpe serumu ya kunywa, ile ya paketi, iliyochanganywa na lita 1 ya maji safi. Kama paketi hakuna, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo baada ya kila choo, akitapika ngoja dakika 10 uanze tena polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Asubuhi pitia kituoni ukapate zinki, inatolewa siku 10 mpaka 14 hata kuhara kukisimama mapema.

Mafua na kikohozi bila kupumua haraka: kitu cha moto cha kunywa, pua isafishwe, apumzike. Asali ni nzuri, ila kamwe kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1. Antibiotiki haiponyeshi mafua. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja kando ya barabara, viacheni kwa mwenye navyo.

Kuungua kidogo: mwaga maji safi ya baridi dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si unga. Kidonda kidogo: maji na sabuni, kitambaa safi, kisha uliza kituoni kuhusu chanjo ya pepopunda. Damu ya pua: mwinamishe mbele, bana pua dakika 10 bila kuachia.

Magoti ya mwaka jana, mgongo wa kubeba mizigo, kichwa kinachokuja na kwenda, dawa za presha zilizokwisha, cheti cha shule: hayo ni ya asubuhi, ya kituo cha afya. Ila dawa za presha na sukari usingoje ziishe kabisa. Hesabu vidonge siku ya saba kabla ya mwisho.

Patana na nyumba yako mchana

Tulisema mwanzoni kwamba shida inaanza kwa kutokupatana. Tuseme wazi. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayeona ugonjwa, lakini baba ndiye mwenye pesa na neno la mwisho. Mtoto anaanza degedege saa kumi ya mchana, simu ya baba haipatikani, mama anangoja. Saa tatu za kungoja zimewazika watoto ambao kituo kilikuwa dakika ishirini kwa miguu. Na mama yule yule, kesho kutwa, atakimbilia irjansi na mafua, kwa sababu ameapa kwamba hatangoja tena. Woga wake tunauelewa.

Basi chagueni jioni moja ya juma hili, baada ya kula, mkae wawili na ukurasa huu. Someni ishara pamoja. Mseme hivi: "Ukiona moja ya hizi, ondoka. Mimi utanikuta kule." Baba akisema neno hilo mchana, limetoka, na usiku mama hana haja ya ruhusa. Kama unaishi na mama mkwe, aketi nanyi. Bibi wengi ndio wanaobaki na watoto sisi tukiwa sokoni, na ni lazima wajue kuhesabu pumzi kama sisi.

Kisha tayarisheni vitu vitano mahali pamoja: kadi ya watoto ya kupima uzito na chanjo, karatasi za hospitali za zamani, namba ya simu ya mwenye pikipiki mnayemjua anayekubali kuamshwa, pesa kidogo isiyoguswa kwa sukari wala kwa mkopo, na jina la jirani atakayebaki na watoto wengine. Katika MUSO, wekeni sheria ya kesi nyekundu: kwa ishara za mbio, pesa inatoka usiku huo huo bila mkutano, mwenye ufunguo anaamshwa. Kwa mengine, mgonjwa anaanzia kituo cha afya.

Maswali tunayoyasikia kila mara

"Nikienda na kukuta si kitu, watanicheka?" Nenda. Kama uliona ishara moja ya zile, hukukosea, hata mtoto akipona njiani. Hatukuandika karatasi hii ili mama aogope mlango wa hospitali. Muuguzi mzuri atakuambia "asante kwa kuja" na kukurudisha nyumbani. Anayekukaripia, mweleze mkubwa wake kwa upole, lakini siku nyingine usiache kuja.

"Na kama ishara hakuna, lakini moyo wangu unakataa?" Mama anajua mtoto wake. Moyo ukikataa, nenda kwanza kwa muuguzi wa zamu wa kituo cha afya, ao mwamshe rele wa avenyu. Macho mawili mengine yanatuliza, ao yanaharakisha. Kama kwenu hakuna zamu wala rele, na moyo bado unakataa, hospitali iko wazi.

"Kituo chetu hakina dawa, tufanye nini?" Hilo ni neno la kweli, tusilifiche. Kila kituo cha afya kina komite yenye watu wa kartiye ndani yake. Wamama tuingie katika komite hizo, tuulize dawa zilizoletwa ni ngapi na zimeenda wapi. Kituo tunachokikimbia kitazidi kudhoofika, na kila ugonjwa mdogo utaendelea kupanda mlima kwenda hospitali kuu.

Basi, wamama, kazi ya juma hili ni tatu: uliza kama kituo chenu kina zamu ya usiku, hesabu pumzi za mtoto wako akiwa mzima ili mkono uzoee, na kaa na bwana jioni moja. Kwenye mkutano ujao kila kundi lituambie limefikia wapi na sheria ya kesi nyekundu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kulisha mtoto anayetoka katika ugonjwa. Mkae salama.